Hesabu Kabla ya Nyundo

Soma kwa ajili ya somo hili: Mambo ya Walawi 14:33-48, 19:13, 2 Wafalme 22:3-7, Yeremia 22:13-17, Luka 14:28-30.

Tunaposoma habari za mtu aliyeanza kujenga mnara asiweze kuumaliza, kwa kawaida tunakwenda moja kwa moja kwenye gharama ya kumfuata Kristo. Ni sawa, maana hiyo ndiyo hoja ya Yesu. Hata hivyo, mfano wenyewe aliuchukua kwenye jambo ambalo wasikilizaji wake walilijua: mtu hukaa chini kwanza, akapiga hesabu. Leo tukae kidogo kwenye mfano huo kabla ya kuuvuka. Wengi wetu hatujengi minara. Tuna nyumba ya vyumba vitatu iliyosimama miaka ishirini, bati limeshika kutu, plasta inabanduka chini ya ukuta, na fedha iliyopo haitoshi kwa yote.

Je, kupiga hesabu vibaya ni kosa la hesabu tu, au laweza kuwa dhambi?

Katika mfano wa Yesu anayeaibika ni mjenzi mwenyewe. Katika maisha yetu mara nyingi anayeumia ni mwingine. Miaka kadhaa iliyopita niliamua kukarabati nyumba yangu. Kwenye daftari niliandika saruji, mchanga, rangi na marumaru za sebuleni. Ufundi niliuandika mwisho, na tayari nilijua kwamba kilichobaki ni pungufu ya tulichokubaliana. Tulipofungua paa tukakuta mchwa wamekula kenchi mbili. Mbao mpya zikanunuliwa kwa fedha ya fundi. Ijumaa jioni akaja kuuliza ujira wake na wa vibarua wake wawili. Nikamwambia, "Fundi, nivumilie hadi wiki ijayo." Akanijibu kwa upole, "Haya, Mwalimu." Nikaoga, nikavaa, nikaenda kanisani kufungua Sabato. Ile wiki ijayo ilifika mwezi wa tatu.

Nilijitetea moyoni kwamba sikukusudia kumdhulumu. Lakini Mambo ya Walawi 19:13 haiulizi nia ya mwenye nyumba. Inauliza ujira wa kibarua umelala wapi usiku huo. Wa fundi wangu ulikuwa umelala kwangu, juu ya paa na chini ya miguu yangu. Nilikuwa nimekopa kwa mtu bila kumwomba, naye alikuwa na akiba ndogo kuliko yangu.

Soma Yeremia 22:13-17. Nabii anamkemea mfalme Yehoyakimu, aliyejipanulia jumba, akalipa madirisha mapana, mbao za mwerezi na rangi nyekundu, huku watu wakimfanyia kazi bila malipo. Kisha anamkumbusha habari za baba yake. Baba huyo ni Yosia, naye pia alikarabati nyumba. Linganisha na 2 Wafalme 22:3-7: katika mwaka wa kumi na nane wa Yosia, fedha ilikusanywa kwanza, ikawekwa mikononi mwa wasimamizi, ikawafikia maseremala, wajenzi na waashi, na ikatumika kununua mbao na mawe ya kuchonga. Baba na mwana wote walitumia mbao. Yeremia haulaumu mwerezi kwa kuwa ni mwerezi. Analaumu mwerezi uliowekwa kwa jasho ambalo halikulipwa.

Hapa ndugu mmoja darasani atasema, "Tuanze kwa imani, Bwana atajaza pengo." Nimelisikia neno hili hata kwenye kamati zetu za ujenzi, na nakiri kwamba nimewahi kulisema. Bwana hujaza mapengo, wengi wetu ni mashahidi. Lakini tuulize: pengo lisipojazwa kwa wakati, nani atakaa na njaa? Kama ni mimi, naweza kusema ninamngojea Bwana. Kama ni mwenye duka la vifaa aliyeniamini, au mwanangu ambaye ada yake imegeuka kuwa rangi, au mke wangu niliyemwambia bei nusu ili akubali, basi mimi nimetaja imani, na wao ndio waliobeba hatari. Wala hawakuulizwa.

Basi hesabu ya kweli inaandikwaje? Mambo ya Walawi 14 hutusaidia kuliko tunavyodhani. Pigo likionekana ukutani, nyumba ilitolewa vyombo, kuhani akaitazama, ikafungwa siku saba, akarudi kuitazama tena. Mawe yenye pigo yalitolewa, kuta zikakwanguliwa, ndipo ukaja udongo mpya. Hakuna aliyeruhusiwa kupaka juu ya pigo. Sisi tunaona unyevu unapanda ukutani, tunapaka rangi mwezi wa kumi na mbili kwa ajili ya wageni, na masika ikifika plasta inaanguka na rangi yake. Fedha imetumika mara mbili, na maji bado yanaingia palepale.

Anza na paa na njia za maji. Marumaru na dari ya jipsamu zingoje, hata mwaka. Uliza bei za mfuko wa saruji na bati katika maduka matatu, ukaandike na usafiri, maji na chakula cha vibarua. Ufundi uuandike juu kabisa ya ukurasa. Tenga na sehemu kwa yasiyoonekana, kwa maana nyumba ya zamani huficha mambo; mimi ningetenga moja ya tano. Zaka haiko kwenye daftari hili, kwa kuwa si fedha yetu ya kukopa. Jumla ikizidi uwezo, punguza kazi. Usipunguze ujira.

Jadilini darasani: Ndugu amepokea kiinua mgongo chake. Paa linavuja vyumba viwili. Binti yake anaolewa baada ya miezi miwili, na wakwe wataketi sebuleni, ambako sakafu imepasuka. Fedha inatosha kazi moja. Mkewe anataka sebule. Mngemshauri nini, na mngemwambia nini mkewe?