Msingoje Simu Iwachagulie Nyimbo

Wajukuu zangu, nimechoka, na mtu aliyechoka hapigi kelele. Zimeni hiyo spika kidogo tuzungumze taratibu.

Kila siku nawasikia mkilalamika kwamba muziki wa siku hizi ni uleule. Ni kweli, gari lolote mtakalopanda kutoka Katesh kwenda Haydom litawapigia nyimbo zilezile za juma lililopita. Lakini nikiuliza nani kati yenu amemtafuta mwimbaji asiyemjua, mnatazamana. Mnangoja simu iwaletee. Simu haiwajui, wanangu. Inahesabu tu: jana ulisikiliza nini, wengi wanasikiliza nini, kisha inakurudishia hayohayo. Kijana wa Dongobesh aliyeuza mahindi akalipia studio, akaimba Kiiraqw, hesabu hiyo haimfikii. Wewe jirani yake utamaliza mwaka hujui kama ameimba.

Sisi tulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, tukasikia walichotuchagulia. Njia nyingine hatukuwa nayo. Ninyi mnayo, na ndiyo maana ninawasumbua.

Tafuteni kwa jina la mahali na la kabila, na mjaribu kila namna watu wanavyoandika: Iraqw, Iraki, Mbulu, Datoga, Barbaig, Mang'ati. Mkipata wimbo mmoja mzuri, angalieni umerekodiwa studio gani, kisha msikilize wengine waliopita hapohapo. Ulizeni kwaya za kanisani zimetoa nini mwaka huu. Wale wanarekodi kwa michango yao wenyewe, hakuna kampuni nyuma yao, na kazi zao nyingi haziendi mbali zaidi ya waumini wao.

Halafu mnataka aina ngeni za muziki, mnazitafuta ng'ambo. Jamani! Wataalamu wa lugha wanafunga safari kuja huku kwa sababu Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe wa Yaeda Chini na majirani zetu Wanyaturu na Wanyiramba wana lugha zisizo na undugu, ila hizo mbili za mwisho tu, ambazo zote ni za Kibantu. Na uimbaji wao nao haufanani. Sikilizeni slufay ya Wairaqw, mzee mmoja akitamka baraka na mkutano mzima ukiitikia, kisha mniambie ni wapi pengine mmeusikia mpangilio ule. Ila si kila sauti ni ya kuwindwa. Ngoma ya epeme ya Wahadzabe huchezwa usiku wa giza, mwezi haupo. Hiyo msiipelekee mwanga wa simu.

Najua jibu lenu: nyimbo za kilugha haziuzi. Saida Karoli aliimba Kihaya mwaka 2001, na Maria Salome ikachezwa nchi nzima na watu wasiojua neno moja la Bukoba. X Plastaz wa Arusha walichanganya rap na uimbaji wa Kimaasai, na mwaka 2004 Outhere Records ya Ujerumani ikatoa albamu yao, Maasai Hip Hop. Hata singeli, ingawa si ya kilugha, ilikuwa ikichezwa kwenye sherehe za vigodoro Dar es Salaam na kudharauliwa na wenye nguo safi; mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes, kampuni ndogo ya Kampala, ikakusanya kazi za studio ya Sisso ya Mburahati na kuzitoa. Ulaya wakaanza kuialika. Watoto wa mtaani walikuwa wameshaipenda zamani, bila kungoja ruhusa ya mtu. Hao ndio ninaotaka muwe.

Na mkishapenda, lipeni. Kusikiliza mara moja mtandaoni hakumpi mwimbaji hata senti ya kuonekana. Mara nyingi namba yake ameiandika chini ya video. Mtumie elfu mbili, umwambie ni kwa ajili ya wimbo gani. Mwimbaji wa huku akipata watu hamsini wa namna hiyo, anarudi studio. Akikosa, anarudi shambani na hatujui alikuwa na nyimbo ngapi nyingine.

Limebaki moja linaloniuma zaidi. Siku ya mnada mnakwenda kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo, mnatoa flashi, kijana anawajazia mia mbili kwa bei ya soda. Fungueni flashi hiyo mtazame. Wimbo wa kwanza umeandikwa "Track 01". Wa pili una jina la kibanda na namba ya simu ya mwenye kibanda. Wa tatu, katikati ya beti, sauti ya DJ inajitangaza. Mama aliyeimba hayumo. Hata ukitaka kumlipa, utamwanzia wapi?

Kwa hiyo mkienda mnada ujao, kabla hajaingiza, mwambieni aandike jina la aliyeimba, mahali anapotoka na lugha aliyoimbia. Akisema hajui, msimwachie, mpigieni mtu anayejua hapohapo. Nanyi mnaojaza flashi, wengine ni watoto wa ndugu zangu kabisa: jina mnalolifuta ni la mtu mnayesalimiana naye barabarani.