Zitakuja Zenyewe

Julai 2022, bei ya gesi na umeme ikiwa imepaa Uingereza nzima, jirani wa shangazi yangu hapa London aliingiziwa pauni 326 benki bila kuomba. Shangazi, mjane wa miaka sabini na kitu, akanipigia simu. "Mwanangu, mimi kodi ya nyumba nalipiwa na kaunsili. Na mimi si nimo?" Nikamjibu bila kusita: "Umo, shangazi. Subiri, zitakuja zenyewe."

Hakuwamo. Serikali ilitoa pauni 650 kwa awamu mbili kwa wenye kipato kidogo, lakini ilichagua ni malipo gani yatakayompa mtu haki: Universal Credit, Pension Credit na mengine machache. Housing Benefit, ile ruzuku ya kodi ya nyumba inayopitia kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, ikiwa ndiyo pekee unayoipata, haikuhesabiwa. Ungeweza kuwa na dhiki kuliko jirani yako na bado ukaachwa nje. Huo naona ulikuwa uonevu. Lakini hasara ya shangazi ilitoka pia mikononi mwangu.

Mlango alikuwa nao. Pension Credit ni nyongeza kwa wazee ambao pensheni yao haiwatoshi, na wakati ule hata kupewa pauni chache tu kwa wiki kulitosha kukuingiza katika hesabu ya zile 650. Shangazi hakuwahi kuiomba. Zamani aliambiwa dukani kwamba mwenye pensheni ya marehemu mumewe hapewi, akaamini. Nami ninayemsomea barua zake sikuuliza.

Novemba zikapita pauni 324 za awamu ya pili. Baridi ilipokaza, akaingiziwa pauni 300 juu ya posho ya kupasha nyumba joto. Nikamwambia, "Unaona? Hizo ndizo." Kumbe hizo walipewa wazee wote wa posho ile, tajiri kwa maskini, na hazikugusa zile 650. Hapo ndipo nilipompotosha. Maombi ya Pension Credit huweza kurudishwa nyuma miezi mitatu, na aliyeomba kufikia 18 Desemba 2022 aliweza bado kuzipata zile 324. Sisi tulikuwa tumeridhika. Kaunsili nazo zilikuwa na mfuko wa kusaidia kaya, na tangu Oktoba ziliagizwa ziwafikirie wanaopata Housing Benefit pekee. Hatukupiga hodi.

Februari 2023 nilimkuta amekaa sebuleni na koti, hita imezimwa. Nikapiga simu siku hiyo hiyo. Waliuliza pensheni, akiba, kodi; mambo ambayo majibu yake yote yalikuwa kwenye bahasha mezani. Akakubaliwa, na baadaye mwaka ule akapata pauni 301, awamu ya kwanza ya pauni 900 mpya.

"Na zile za mwaka jana?"

Nikamweleza zile tarehe, moja moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, kisha akasema, "Basi kamwone yule bibi wa ghorofa ya tatu. Naye kodi yake analipiwa na kaunsili."