Hajiri na Mpunga wa Kilombero

Mpunga ukianza kutoa masuke, wazazi wengi wa Katindiuka hawalali mjini. Wamehamia shamba, kwenye vibanda huko bondeni, wanaamia ndege. Wanafunzi wanabaki Ifakara, maana shule haihami. Sisi tunaojitolea kulinda watoto mtaani, kazi yetu ndipo inapopamba moto.

Unabisha hodi, anafungua binti wa darasa la sita. Ufunguo kauning'iniza shingoni kwa kamba ya chandarua, mdogo wake kambeba mgongoni. Chini ya kitanda kuna ndoo ya mchele, na ndani ubavuni mama kachora mistari ya mkaa: huu mwisho wa wiki hii, huu wiki ijayo.

Je, huyu ni mtoto aliyetelekezwa? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii atoe taarifa akijua kuna mzazi anayeweza kumtunza mwanawe ila hataki au anapuuza. Mama wa mistari ya mkaa anataka. Nilipomfuata shambani alinijibu huku akivuta kamba ya makopo: "Sasa mama, ndege wakimaliza huu mpunga, wanangu utawalisha hizo fomu zako?"

Namkumbuka Hajiri. Wakristo tunasoma kwamba maji yalipokwisha alimlaza mwanawe chini ya kijiti, akaenda kuketi mbali. Jirani zangu Waislamu wanasimulia alivyomwacha Ismaili na kukimbia mara saba kati ya Safa na Marwa akitafuta maji, na mahujaji wanazifuata nyayo zake hadi leo. Hakuna dini iliyomwita mzembe. Na Ibrahimu, baba wa mtoto? Vitabu vinasema aliamriwa kuwaacha, nami sibishani na vitabu. Ila akina baba wa mtaani kwetu hawakuamriwa na yeyote, na bado majalada yetu yanaanza na jina la mama.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema umaskini ukishatajwa, basi yamekwisha. Mistari ya mkaa haimzuii mwanaume kugonga mlango saa nne usiku. Katika Mwanzo, aliyepaza sauti akalia ni mama, lakini Mungu alisikia sauti ya kijana. Ndiyo maana naona swali la nani mwenye kosa linaweza kungoja mavuno. Linaloshindwa kungoja ni hili: usiku wa leo, nani analala na hawa watoto? Yule binti na mdogo wake sasa wanalala kwa bibi wa nyumba ya tatu. Mama yao akivuna atamtolea bibi debe la mpunga. Hakuna aliyeshtakiwa.

Kwa hiyo wewe unayebaki mjini msimu huu, pita kwa jirani jioni uone nani yumo. Ukikuta watoto peke yao, mwambie mwenyekiti wa mtaa, au piga 116. Simu hiyo ni bure.