Somo la 7: Dhamiri Chini ya Neno

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Warumi 2:14, 15, Matendo 26:9–11, Mathayo 5:21, 22, Marko 7:6–13, Waefeso 6:1–4, Waamuzi 6:25–32, 1 Yohana 3:19, 20.

Fungu la Kukariri: 1 Timotheo 1:5. Lisome katika Biblia yako kila siku juma hili. Angalia jinsi Paulo anavyoweka pamoja agizo, upendo na dhamiri njema.

Hebu mfikirie mama mmoja, mshiriki wa kanisa, katika kijiji kimoja cha Tarime. Hutoa zaka, hashiki jembe siku ya Sabato, na chakula kilichokatazwa hakijaingia nyumbani kwake. Desemba imefika, shule zimefungwa, na wazee wa mila wametangaza kwamba mwaka huu wasichana wa ukoo watakeketwa. Binti yake ana miaka 13. Mama mkwe amekuja, na leo ni siku ya tatu. Hagombi na mtu. Anasema tu kwamba msagane haolewi na mtu wa heshima, na kwamba mama atakayemwacha mtoto wake hivyo atabeba lawama mpaka kaburini.

Usiku mama halali. Kuna sauti ndani yake inamsuta. Inamwambia kwamba atakuwa mama mbaya asipompeleka binti yake kwa ngariba.

Tumezoea kuambiana, "Fuata dhamiri yako." Mama huyu akiifuata dhamiri yake usiku huo, alfajiri mtoto atakatwa. Wengine husema, "Wewe shika amri tu." Lakini amekwisha kuzihesabu Amri Kumi, na hakuona iliyotaja ukeketaji. Juma hili tutajifunza uhusiano uliopo kati ya amri ya Mungu na dhamiri ya mtu, na kwa nini mama huyu anazihitaji zote mbili.

JUMAPILI: Shahidi Aliye Ndani

Soma Warumi 2:14, 15. Je, dhamiri hufanya kazi gani ndani ya mwanadamu?

Paulo anasema kwamba hata watu wasio na torati wana kitu ndani yao kinachoshuhudia, na mawazo yao huwashitaki au kuwatetea. Dhamiri ni zawadi ya Mungu. Lakini angalia nafasi yake: ni shahidi. Shahidi haandiki sheria wala hakai katika kiti cha hakimu. Hueleza alichokiona kadiri alivyofundishwa kukiona.

Mbwa wa boma hubweka jinsi alivyozoezwa. Mwizi aliyekuwa akimtupia nyama kwa muda mrefu anaweza kupita usiku na kufungua zizi bila kubwekewa, na mgeni mwema akija mchana akaumwa. Mbwa huyo si mbaya, ila aliyemzoeza ndiye aliyemharibu.

Soma Matendo 23:1 na 26:9–11. Sauli alikuwa na hakika gani alipowatesa watakatifu?

Sauli hakuwa mnafiki. Aliona kabisa kwamba imempasa kulipinga jina la Yesu. Bwana alikuwa amekwisha kutuonya kwamba watakuwapo watu watakaowaua wanafunzi wake huku wakidhani wanamtumikia Mungu (Yohana 16:2). Ndiyo maana baadaye Paulo aliandika kwamba kutojisikia hatia siyo uthibitisho wa kuwa na haki (1 Wakorintho 4:4).

Hatudharau malezi ya koo za Tarime na Serengeti. Mtoto hufundishwa kuwaamkia wakubwa, kumkaribisha mgeni na kwenda msibani kwa jirani. Dhamiri ikimsuta mtu kwa kumnyima mgeni chakula, imefundishwa vema. Lakini malezi hayohayo yaliifundisha kwamba binti asiyekatwa ni aibu. Mafundisho yote mawili yamekaa katika moyo mmoja na yanazungumza kwa sauti moja. Ni Neno pekee linaloweza kuyatenganisha (Waebrania 4:12).

Ni jambo gani lililokuwa likikusuta zamani, nawe baada ya kujifunza Biblia ukagundua kwamba halikuwa dhambi? Ni jambo gani ambalo halikukusuta kabisa, kumbe lilikuwa dhambi?

JUMATATU: "Biblia Haijalitaja"

Soma Mathayo 5:21, 22. Yesu anaipeleka amri ya sita mpaka wapi?

Wako ndugu wanaosema, "Nionyesheni fungu linalokataza kumkeketa msichana." Wengine hudokeza kwamba Ibrahimu alipewa tohara. Tusome vizuri. Katika Mwanzo 17:10–12 agizo lilikuwa kwa wanaume tu. Hakuna mahali popote katika Maandiko ambapo Mungu aliagiza msichana akatwe. Na hata tohara ile ya wanaume, mitume hawakuwatwika waongofu wa Mataifa (Matendo 15, Wagalatia 5:6).

Anayedai fungu lenye neno "ukeketaji" anaisoma amri kama walivyoisoma waandishi. Yesu hakuishia kwenye herufi. Alionyesha kwamba katazo la kuua linagusa hasira na tusi linalomdhalilisha ndugu. Ikiwa amri inaufikia ulimi, je, haiufikii wembe? Ukeketaji humtoa mtoto damu nyingi, humletea maambukizi, humtesa wakati wa kujifungua, na wengine hufa. Mwili huo Mungu aliuumba kwa namna ya ajabu (Zaburi 139:14), nao ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19, 20).

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba kati ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, asilimia 10 walikuwa wamekeketwa. Mkoani Mara walikuwa asilimia 32. Hawa ni mama zetu na dada zetu, na wengi wameketi nasi kanisani. Mwalimu wa darasa alikumbuke hilo. Dada aliyekeketwa hakutenda dhambi, alitendewa. Asiondoke darasani akiwa amejeruhiwa mara ya pili.

Sheria ya nchi nayo imesema. Tangu mwaka 1998, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana imeufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kuwa kifungo cha miaka 5 hadi 15. Katika jambo hili mamlaka na amri ya Mungu havipingani (Warumi 13:1–4).

JUMANNE: Amri ya Tano Mikononi mwa Wakubwa

Soma Waefeso 6:1–4 na Marko 7:6–13. Utii wa mtoto kwa wazazi una mpaka gani?

Sasa mfikirie binti mwenyewe. Anasikia mipango jikoni, na usiku anatoroka. Wasichana wa Tarime wamekimbilia kituo cha Masanga. Wa Serengeti wamekimbilia Nyumba Salama ya Mugumu. Wengine huenda polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto. Sabato inayofuata mtu mmoja anauliza kanisani, "Je, mtoto huyu hajavunja amri ya tano?"

Swali hilo ni zito, na binti huyo ameshajiuliza njiani gizani. Anampenda mama yake. Lakini Paulo hakuandika juu ya utii usio na mpaka. Aliandika kwamba watoto watii katika Bwana, kisha akawageukia akina baba na kuwawekea wajibu wao. Mzazi naye yuko chini ya amri.

Mafarisayo walitumia nadhiri ya korbani ili wasiwatunze wazazi wao. Walitumia jambo la dini kuivunja amri. Nasi tukiitumia amri ya tano kumlazimisha mtoto alale mbele ya wembe, tumefanya vilevile. Mungu hakutoa amri moja ili itumike kuvunja nyingine. Petro na mitume walilisema jambo hili mbele ya wakubwa wa taifa lao: Mungu hutiiwa kwanza (Matendo 5:29).

Lakini tutajuaje kwamba mtu anamtii Mungu na si kwamba ana kiburi tu? Tujiulize maswali matatu. Je, analo Neno, au ana mapenzi yake tu? Je, gharama ya msimamo wake anailipa yeye, au anamlipisha mwingine? Je, anaendelea kuwaheshimu wale anaowakatalia? Binti aliyetoroka amepoteza kitanda chake, ndugu zake na sherehe. Gharama ameilipa mwenyewe. Anayemkeketa mtoto ili jina la ukoo lisichafuke amemlipisha mtoto.

Wazee husema, "Mwacha mila ni mtumwa." Soma Yohana 8:31–36. Yesu anasema nani ni mtumwa, na nani yuko huru kweli?

JUMATANO: Baba Aliyesimama Mlangoni

Soma Waamuzi 6:25–32. Gideoni alimwogopa nani? Yoashi alifanya nini asubuhi?

Gideoni alipoagizwa kuibomoa madhabahu ya Baali, aliifanya kazi hiyo usiku, kwa kuwa aliwaogopa watu wa nyumba ya baba yake na watu wa mji. Mungu hakuukataa utii wake kwa sababu ulikuwa na woga. Hilo na liwatie moyo wanaotii huku wakitetemeka.

Lakini mtazame Yoashi. Madhabahu ile ilikuwa yake. Asubuhi watu wa mji walisimama mlangoni wakidai mwanawe atolewe auawe. Angeweza kusema, "Huu ni uamuzi wa mji, mimi ni nani?" Badala yake alisimama kati ya mwanawe na umati, akawauliza kama Baali anahitaji kutetewa na watu.

Katika nyumba zetu, mara nyingi baba ndiye anayenyamaza. Mzee wa kanisa hasemi, "Mkeketeni." Husema, "Hayo ni mambo ya wanawake." Au juma lile hupata safari ya Musoma, na akirudi anakuta mambo yamekwisha. Pilato naye alinawa mikono (Mathayo 27:24), lakini maji hayakumtoa hatia. Dhamiri inayotafuta safari ili isione imekwisha kujua ukweli.

Akina baba, watu wa ukoo wakija, watamkuta nani mlangoni?

ALHAMISI: Moyo Unapoendelea Kuhukumu

Soma Warumi 14:5, 23 na 1 Wakorintho 8:9–13. Je, mafungu haya yanafundisha kwamba kila mtu afanye aonavyo?

Paulo anatuagiza tusiikanyage dhamiri ya ndugu katika vyakula na mambo ambayo Mungu hakuyafanya kuwa sheria. Lakini mtu mwenye dhamiri njema katika sura hizi hujinyima yeye mwenyewe kwa ajili ya ndugu aliye dhaifu. Paulo yuko tayari kuacha nyama maisha yake yote. Hakuna mahali ambapo dhamiri ya mwenye nguvu inapewa ruhusa ya kumjeruhi aliye dhaifu. Na ni nani aliye dhaifu kuliko mtoto?

Turudi kwa mama yetu. Tuseme alfajiri amekataa. Amemwambia mama mkwe, kwa heshima, "Mama, mtoto huyu hatakatwa." Je, sasa moyo wake umetulia? Huenda bado. Anapokwenda kisimani wanawake wananyamaza. Sauti ile bado inamwambia kwamba amemharibia binti yake maisha. Ametii, na bado anajisikia mkosaji.

Soma 1 Yohana 3:19, 20. Fungu hili ni kwa ajili ya mtu kama yeye. Moyo wetu unapotuhukumu, yuko aliye juu ya moyo huo, naye anajua yote. Dhamiri iliyofundishwa vibaya kwa miaka 35 haiponi kwa usiku mmoja. Husafishwa na damu ya Kristo (Waebrania 9:14), hulishwa Neno, na hutiwa nguvu na ndugu wanaokuja kuketi naye. Ikiwa kanisa litamhubiria atii kisha limwache peke yake kisimani, tutakuwa tumemtwika mzigo tusiougusa hata kwa kidole (Luka 11:46).

Ni nani katika kundi lenu aliye peke yake kwa sababu ametii? Mtakwenda kumwona lini?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma sura inayoeleza jinsi Luther alivyosimama mbele ya Baraza, katika kitabu cha Pambano Kuu cha Ellen G. White.

Mwaka 1521, katika mji wa Worms, Martin Luther aliambiwa akane maandishi yake mbele ya mfalme mkuu. Alikataa kwa sababu dhamiri yake. Watu wengi hukumbuka hilo tu. Lakini alieleza pia kwamba dhamiri yake ilikuwa imefungwa na Neno la Mungu. Ndiyo maana hakuwa na uhuru wa kukana. Alikuwa tayari kurekebishwa kwa Maandiko. Dhamiri yake ilipata nguvu kwa kuwa ilikuwa na Bwana.

Kanisa letu nalo limesema. Mwaka 2000 kamati ya Konferensi Kuu ilitoa tamko la kupinga ukeketaji, na tangu mwaka 2009 kampeni ya enditnow imeendelea kutuita tukomeshe ukatili. Tamko hilo litakuwa na maana Tarime na Serengeti pale familia za kanisa zitakapolifuata mwezi Desemba.

Maswali ya Kujadili

1. Mshiriki anasema, "Mimi dhamiri yangu hainisuti." Utamjibuje kwa upole, ukitumia maisha ya Sauli wa Tarso?

2. Binti aliyetoroka anarudi nyumbani baada ya msimu wa ukeketaji kupita. Kanisa lifanye nini ili yeye na wazazi wake wapatane bila kumrudisha hatarini?

3. Je, kuna mambo mengine ambayo tunayaita "dhamiri" kumbe ni woga wa ukoo? Na kuna mambo tunayoyaita "amri" kumbe ni mapokeo yetu?

4. Kabla Desemba haijafika, darasa lenu linaweza kupanga jambo gani moja, lenye siku na wahusika, kwa ajili ya mabinti wa kanisa lenu?