MAFANIKIO KATIKA NCHI YA UGENI

Somo: Yeremia 28 na 29, Danieli 1 na 2

 

Hapa Nakivale, ukiuliza nani amefanikiwa, jibu linajulikana. Ni yule ambaye kesi yake imepita, akapanda ndege. Aliyebaki anahesabiwa kuwa ameshindwa. Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, familia nyingi zilizokwisha kufanyiwa usaili zilibaki na huzuni kubwa. Wako waliokuwa wameuza hata masufuria. Hatuwacheki, tunalia pamoja nao. Lakini tujiulize mbele za Neno la Mungu: je, mafanikio ni kuondoka tu?

Watu wa Yuda walipochukuliwa mateka kwenda Babeli, nabii Hanania alisimama hekaluni akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili wote watarudi. Maneno matamu! Nasi tunawafahamu manabii wa namna hiyo, wanaotabiri tarehe ya safari na kupokea sadaka ya mjane. Yeremia aliandika barua yenye neno gumu: itakuwa miaka 70. Jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto wenu, na kuuombea amani mji mnaokaa. Mungu hakuwaambia wasahau kwao. Aliwaambia wasiache kuishi wakati wa kungoja.

Tuwaangalie sasa vijana wanne: Danieli, Hanania (si yule nabii), Mishaeli na Azaria. Walipewa miaka mitatu kujifunza lugha na maandishi ya Wakaldayo, yaani lugha ya watu walioharibu mji wao. Wangeweza kukataa kwa uchungu. Wangeweza kusema, "Tunarudi karibuni, ya nini kujisumbua?" Hawakusema hivyo. Walisoma, na Mungu ndiye aliyewapa maarifa, hata mfalme akawaona wanawapita wenye hekima wote wa ufalme wake.

Hapa neno linatuchoma. Kwetu, mtoto aliyefika darasa la sita huko Kongo anawekwa la tatu kwa sababu ya Kiingereza, naye anaona haya, anaacha. Mzazi naye anasema, "Mwache, atasoma tukifika huko." Nasi tunaoandika haya hatuna la kujisifu. Nyumbani mwetu tulimwacha kijana wetu wa kwanza akae miaka miwili bila shule, tukisema ndege iko karibu. Ndege haikuja, na ile miaka miwili haikurudi. Alipoanza tena, alikaa benchi moja na watoto wanaomfika kifuani. Ilibidi tumwombe msamaha, na tunamshukuru Mungu kwamba alitusamehe, akaendelea.

Lakini elimu peke yake si mafanikio. Vijana wale waliipokea lugha ya Babeli, lakini chakula cha mfalme walikikataa. Walijua mahali pa kukubali na mahali pa kukataa, kwa kuwa kumcha Bwana kulitangulia masomo yao. Mtume Paulo anatuonya katika 1 Wakorintho 8 kwamba ujuzi huleta majivuno, bali upendo hujenga. Je, hatujaona ndugu anayejua Kiingereza akimtoza mama mzee pesa ili amsomee barua ya kesi yake? Huyo amesoma, lakini hajafanikiwa.

Katika Danieli 2, mfalme aliamuru wenye hekima wote wa Babeli wauawe. Danieli aliomba nafasi, akaenda nyumbani, akasali pamoja na wenzake, na Mungu akamfunulia siri. Jambo la kwanza alilomwambia mkuu wa askari ni kwamba wenye hekima wale wasiangamizwe. Hawakuwa watu wa kabila lake wala wa imani yake. Maarifa yake yaliokoa maisha ya majirani. Hiyo ndiyo elimu iliyobarikiwa.

Tena, Danieli alikaa huko mpaka wakati wa mfalme Koreshi, aliyeiteka Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo. Maandiko hayatuambii kwamba alirudi Yerusalemu. Je, alishindwa? Hasha! Kufanikiwa ni kuwa mwaminifu kwa Mungu na kuwa na faida kwa watu, mahali ulipo, kwa ujuzi aliokupa. Ndege ikija, tutampa Mungu shukrani. Njia ya kwetu ikifunguka kwa amani, tutashukuru zaidi. Isipokuja leo, leo bado ni siku ya Bwana.

Basi wapendwa, tufanye mambo matatu. Mtoto aliyeacha shule kwa kungoja safari arudishwe muhula huu. Anayejua kusoma amsomee jirani barua yake bila malipo. Na sisi wazazi tusione haya kujifunza lugha pamoja na watoto wetu, maana hata seremala na mkulima wanahitaji kuelewa karatasi wanayotia sahihi.

Ee Bwana, uliyekuwa pamoja na Danieli katika ugeni, utupe maarifa na moyo wa kukucha wewe. Uwakumbuke waliovunjika moyo. Katika jina la Yesu, Amina.