Herufi Nne na Haki ya Mwanafunzi

Je, ni haki kumwadhibu mtoto kwa kosa ambalo akili yake njema ndiyo iliyomwongoza kulifanya? Swali hili laweza kuonekana dogo, lakini sisi walimu wa lugha twakutana nalo kila tushikapo kalamu nyekundu.

Lilitujia kwanza zamani, tulipokuwa tukifundisha Kiingereza katika shule moja hapa Uganda, kabla hatujapewa vipindi vya Kiswahili. Tuliwafundisha watoto neno "rough", nao wakalitamka vema: "raf". Kesho yake mtoto mmoja akakutana na neno "though" kitabuni, akasoma kwa sauti kubwa: "dhaf". Darasa zima likacheka, nasi tukamsimamisha mpaka kengele ilipolia. Leo twakiri kwamba katika chumba kile yeye ndiye aliyekuwa ametumia akili. Alipewa kanuni, akaifuata.

Tuzitazame basi herufi hizo nne: o, u, g, h. Katika "though" husomwa "dhou"; katika "through" ni "thruu"; "cough", yaani kikohozi, ni "kof"; "bough", tawi la mti, ni "bau"; na "thought", wazo, ni "thoot". Mavazi ni yaleyale, bali kila avaaye ana sauti yake.

Hata hivyo, vyaelea vimeundwa. Zamani Waingereza walikuwa na sauti ya kooni iliyo karibu na "kh" ya Waarabu, na "gh" iliandikwa kwa ajili yake. Waskoti wangali nayo katika neno "loch", yaani ziwa. William Caxton alipoanzisha kazi ya kupiga chapa huko Westminster mwaka 1476, matamshi yalikuwa yakiendelea kubadilika. Polepole sauti ile ikatoweka katika maneno mengine, na katika mengine ikageuka kuwa "f". Wapiga chapa wakashika maandishi ya kale. Sauti zikaondoka, herufi zikabaki. Tena, si kila herufi iliyobaki ina asili ya haki. Kwikwi kwa Kiingereza ni "hiccup", neno lililoiga mlio wenyewe. Baadaye wakatokea waliodhani kwamba lina udugu na kikohozi, wakaliandika "hiccough", nalo likaendelea kutamkwa "hikap" kama awali. Kosa la mtu mzima likaingia katika kamusi. Kosa la mtoto hutiwa wino mwekundu.

Huenda msomaji akauliza: je, kila mtu aandike apendavyo? La hasha. Maandishi ni mapatano, na mapatano yana faida yake. Mskoti na Mmarekani hawatamki sawasawa, lakini husoma gazeti moja bila mkalimani. Kama kila mmoja angeandika kwa kufuata kinywa chake, wasingeelewana upesi hivyo. Mapatano yenyewe huweza kubadilishwa pia: Wamarekani huandika "plow" na Waingereza "plough", na mashamba ya pande zote mbili hulimwa. Kwa hiyo desturi yastahili kufundishwa na kuheshimiwa. Lisilostahili ni kuifanya desturi kuwa kipimo cha akili. Kumwambia mtoto, "Hivi ndivyo tulivyokubaliana," ni kumfundisha. Kumwambia, "Wewe mjinga," ni kumdhulumu, na tena ni kusema uongo.

Sisi wa Kiswahili aghalabu hujisifu kwamba lugha yetu huandikwa kama itamkwavyo. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini nyani haoni kundule. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tahajia yetu ikafuata vinywa vya pwani. Mtoto wa Buganda huiita dhahabu "zaabu" nyumbani kwao, wala lugha ya mama yake haina "dh" wala "gh". Anapoandika "zahabu" na "luga", anaandika kwa uaminifu kile anachokisikia na kukitamka. Kwake yeye, "gh" ya "lugha" ni kama "gh" ya "though": ni alama ya sauti iliyokaa katika vinywa vya watu wengine. Ni mara ngapi tumemcheka mtoto huyo, hali tukiicheka tahajia ya Waingereza kwa kosa lilelile?

Basi, walimu wenzetu, yatupasa kusahihisha, wala tusione haya kusahihisha. Mwanafunzi asiyejua tahajia sanifu atafungiwa milango mingi. Lakini kabla ya kusahihisha, tumuulize sababu ya alichoandika. Akitoa sababu, tumsifu kwa sababu yake, kisha tumweleze asili ya desturi na kumtaka aishike. Kosa lililotokana na kufikiri ni mali ya mwalimu. Mtoto anayebahatisha hajatupa pa kuanzia.

Mtoto yule tuliyemsimamisha hatukupata kumwomba radhi. Alihama shule kabla hatujatambua kosa letu. Deni lake twajaribu kuwalipa wanaokaa leo katika madawati yaleyale.