Nani Atamvusha Mtoto?

Matokeo ya konkuru, mtihani wa mwaka wa 9 wa kuingia sekondari, yakitoka, mtaa wetu wa Buyenzi wote hujua kabla ya magharibi. Aliyefaulu hupigiwa vigelegele, wazazi hupokea pongezi mlangoni, na wageni hawajamaliza soda zao hesabu zinaanza: minervali, yaani ada ya shule, sare, madaftari, na kama mtoto amepangiwa shule ya bweni mikoani, godoro, ndoo na sanduku la bati. Jamaa huchanga. Shangazi huleta shuka, mjomba wa Uvira hutuma chochote alicho nacho. Kwa upande wa vitu, sisi watu wa Bujumbura hatumtupi mtoto. Kinachoniuma ni kwamba tukishafunga sanduku tunaona kazi imekwisha, naye anavuka peke yake.

Wazee wetu hawakufanya hivyo. Pwani, walikotoka au walikopitia babu za baadhi ya watu wa Buyenzi kabla ya kufika huku kwa njia ya Ujiji, kijana aliyeingia jandoni alikuwa na kungwi wake, na mwari alikuwa na somo wake. Huyo hakuwa baba wala mama. Alikuwa mtu mzima aliyechaguliwa kwa mwenendo wake, na hakuondoka ngoma ilipokwisha: binti akiposwa, somo anaitwa, ndoa ikiingia doa, somo anaitwa. Milimani kwa Warundi nako wanasema “umwana si uw’umwe”, mtoto si wa mtu mmoja, na kijana aliyeanza kukomaa aliketi pembeni bashingantahe, wazee waamuzi, wakiamua mashauri, akaona jinsi mtu mzima anavyolipima neno kabla ya kulitoa. Mila zilitofautiana kwa mengi, ila hakuna hata moja iliyomwacha mtoto aingie ukubwani bila mtu wa kumshika mkono.

Leo jando la watoto wetu ni shule. Zamani mtoto alivuka mwisho wa mwaka wa 6, akiwa na miaka 12 au 13, na nafasi za sekondari zilikuwa chache mno hivi kwamba wengi waliishia hapo. Mwaka 2005 Rais Pierre Nkurunziza alifuta ada ya shule ya msingi, madarasa yakafurika. Mwaka 2013 elimu ya msingi ikarefushwa hadi miaka 9, hii tunayoiita ekofo, na konkuru ikasogea mbele pamoja nayo. Sasa mtoto anavuka akiwa na miaka 15 au zaidi. Nafuu ipo, kwa kuwa wengi wanabaki darasani muda mrefu. Lakini wazazi wengi humtazama kijana aliyewazidi kimo wakasema, “Huyu keshakua, atajijua.” Kumbe huo ndio umri ambao mwili unabadilika, marafiki wanasikilizwa kuliko mama, na simu inaingia mfukoni. Mtoto wa miaka 12 akizidiwa, analia. Wa miaka 15 ananyamaza.

Mtoto wa Buyenzi ana mzigo mwingine juu ya huo. Nyumbani anazungumza Kiswahili. Shuleni miaka minne ya mwanzo anafundishwa kwa Kirundi, halafu kuanzia mwaka wa 5 masomo yanageukia Kifaransa, lugha ambayo katika nyumba nyingi hakuna wa kumjibu nayo. Pale ekofo mwalimu aliyemlea alimpenyezea neno la Kirundi akiona amekwama. Sekondari walimu ni wengi, kila mmoja na somo lake, wala hawamjui kwa jina. Nimewaona watoto waliozoea kuwa wa kwanza wakiporomoka muhula wa kwanza, na nyumbani hakuna aliyeambiwa lolote mpaka siku ya ripoti.

Jirani yangu mmoja, fundi wa magari, Kifaransa chake ni majina ya vipuri. Binti yake alipoingia sekondari, mzee yule alimwita mtoto wa dada yake, msichana aliyekuwa chuo kikuu, akamwambia mbele ya binti: “Daftari hili mimi siwezi kulisoma. Wewe unaweza. Kila Jumapili njoo umuulize mdogo wako.” Basi kila Jumapili alasiri wakawa wanakaa barazani juu ya mkeka, chai na vitumbua kando. Maswali yalikuwa mepesi. Unakaa na nani darasani? Mwalimu gani unamwogopa? Kitu gani hukukielewa wiki hii? Jumapili za mwanzo binti alijibu “hakuna” mpaka chai ikapoa. Kisha siku moja akafungua daftari la kemia. Ukurasa ulikuwa na mistari iliyokatika katikati, nafasi tupu, halafu mstari mwingine uliokatika: mwalimu alitoa imla, wanafunzi wakaandika, na mkono wake haukuwahi maneno asiyojua herufi zake. Kemia yenyewe aliielewa vizuri tu. Binamu yake huyo alimtafutia mwanafunzi mwenzake mwenye mwandiko kamili, wakawa wananakili pamoja kila Ijumaa. Baba yake asingeligundua hilo hata angelipia minervali mara mbili.

Wapo watakaosema shule ina walimu na direkta, yaani mkuu wa shule, mtu wa tatu wa nini? Nawajibu kwa jambo zito, na nalitaja kwa heshima. Katika nchi hii mlango wa sekondari umewahi kuwa mlango wa hofu. Mwaka 1972 wanafunzi Wahutu wa sekondari walichukuliwa shuleni wakauawa, na kwa miaka mingi baadaye familia nyingi za Wahutu ziliogopa kuwapeleka watoto mbele na masomo. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, washambuliaji waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana walikataa. Waliuawa 40. Moyo ule haukuzaliwa usiku mmoja. Tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, walezi wao wakiongozwa na padri Zacharie Bukuru walikuwa wakiwaketisha na kuwaacha waseme waziwazi hofu zao na chuki walizozisikia nje. Vijana walikuwa na watu wazima wa kuwasikiliza kabla ya siku ya mtihani ule wa kutisha. Pale shule isipokuwa na wasikilizaji wa namna hiyo, ni juu yetu kuwatafuta.

Simaanishi turudishe kila kitu cha zamani. Unyago ulimfundisha binti mengi mema, na pia ulimfundisha kuvumilia yasiyostahili kuvumiliwa. Hilo la pili tuliache huko huko. Tena siku hizi lazima tuseme wazi kwamba si kila mtu mzima ni salama kwa mtoto. Msichana apewe mwanamke, mvulana apewe mwanamume, na wakutane barazani mbele ya macho ya watu. Asichaguliwe tajiri kwa utajiri wake, wala yule mjomba ambaye kila neno lake ni karipio. Achaguliwe anayejua kungoja jibu. Mama asione anaporwa mwanawe, kwani kijana wa umri huo ana mambo ambayo atamwambia mtu mwingine mwaka mzima kabla ya kumwambia mama yake.

Watu hao tunao. Misikiti, makanisa na vyama vyetu vya kuwekeana akiba vimejaa walimu wastaafu, wauguzi na wanafunzi wa vyuo vikuu. Kaskazini mwa jiji, Kituo cha Vijana Kamenge kimewakusanya vijana wa makabila na dini zote tangu miaka ya 1990, wakati mitaa ya jirani ilipokuwa ikiuana. Kilichobaki ni kuwaomba.

Masomo huanza Septemba. Kabla ya kwenda kutafuta godoro, mzazi na ampeleke mtoto jioni moja kwa mtu aliyemchagua, amwombe kwa kauli yake, mtoto akiwepo na kusikia jibu. Ampe mtu huyo namba ya simu ya direkta wa shule mpya. Siku ya kwanza waende wote watatu, na kama ni bweni, wapange papo hapo ni nani atakwenda kumtembelea mwezi wa kwanza, nauli atatoa nani, na zamu inayofuata itakuwa ya nani.